Msitu umesimama, simbamarara anatishwa na nini?

SWALI: Mimi ni mkata boriti wa Lamu. Kijana wangu ananiambia kuwa kwenye mikoko ya Sundarbans, huko Bangladesh na India, wanaishi simbamarara, nao wamo hatarini. Ikiwa mikoko bado imesimama, mnyama huyo anatishwa na nini? Na kwenye matope yale wanamhesabu vipi?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Umeuliza palepale panapouma. Sundarbans ina takriban kilomita za mraba 10,000, na mti wake mkuu, sundri, ni ndugu wa msikundazi unaoujua wewe. Ila simbamarara hali majani. Kwa mwaka anahitaji wanyama wakubwa kama 50, na mle riziki yake ni kulungu wa madoadoa na nguruwe mwitu.

Majangili huingia kwa mashua wakatega tanzi za kamba kwenye njia za kulungu. Tanzi haichagui mguu. Mimi nimewahi kufungua moja ya waya wa breki ya baiskeli kule Arabuko-Sokoke, karibu na Malindi. Aliyenaswa alikuwa paa mdogo, na kadiri alivyojivuta ndivyo waya ulivyozidi kuzama, hadi mfupa ukaonekana. Simbamarara akipatwa na hayo, hata akichomoka hawezi tena kuvizia na kuruka. Na yule asiyenaswa anakuta kulungu wamekwisha, anaogelea mpaka kijijini kufuata ng'ombe, na huko anauawa. Vietnam, Laos na Kambodia misitu ipo hadi leo, lakini simbamarara wa porini wametoweka, na tanzi zina mkono mkubwa katika hilo. Ndiyo maana kwangu doria ya kung'oa tanzi ina uzito kuliko kupanda miti mipya.

Kuna na chumvi. Tangu bwawa la Farakka lianze kazi India mwaka 1975, maji ya mto Ganges yasiyo na chumvi yanayoshuka hadi Sundarbans wakati wa kiangazi yamepungua, chumvi ya bahari ikazidi, na sundri nyingi zinakauka kuanzia kileleni. Kisha Mei 2024 kimbunga Remal kikasukuma bahari ndani ya msitu, na kulungu zaidi ya 100 wakafa.

Kuhesabu: zamani walisoma nyayo. India iliacha njia hiyo baada ya hifadhi ya Sariska kukutwa haina hata mmoja, ilhali hesabu za nyayo zilikuwa zikisema wapo. Siku hizi hufungwa kamera mbili zikitazamana, huku na huku ya njia. Kwa nini mbili? Michirizi ya ubavu wa kulia hailingani na ya kushoto, na hakuna simbamarara wawili wenye michirizi sawa. Ukipata picha ya ubavu mmoja tu, unaweza kumhesabu mnyama mmoja mara mbili. Kwa njia hiyo Bangladesh ilipata 114 mwaka 2018, na 125 katika hesabu iliyotangazwa 2024.