Jibu: Nikibonyeza @ inatoka alama ya kunukuu

Pole ndugu, kibodi yako haijafa wala usinunue nyingine. Umesema ukishika Shift na 2 inatoka alama ya kunukuu badala ya @, hiyo ni dalili kwamba kompyuta inadhani una kibodi ya Uingereza wakati vitufe vyako ni vya Marekani. Hakikisha hivi, bonyeza Shift na 3, ikitoka alama ya pauni £ badala ya # basi ndo hiyo hiyo.

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na spesi, utaona orodha ya kibodi zilizopo, chagua English ya United States afu jaribu tena. Mara nyingi inabadilika yenyewe kwa sababu mtu kagusa Alt na Shift kwa pamoja bila kujua, ni shotikati ya kubadili lugha, so kama hutumii hiyo ya Uingereza iondoe kabisa: ingia kwenye setingi, sehemu ya muda na lugha, fungua lugha yako uone kibodi zake, futa usiyoitaka. Ila kama iko hiyo moja tu haitakubali kufutika, ongeza kwanza ya Marekani.

Na kitu muhimu sana, nenosiri lako kama lina @ litakataa ukiwa unaingia, watu wanahangaika kulibadilisha bure kumbe kibodi tu, we bonyeza kile kijicho (alama ya jicho) pembeni ya sehemu ya nenosiri uone unachoandika.