Maswali na Majibu: Kano, Goti na Sindano ya Asubuhi ya Mashindano

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wanaojiandaa na traiathloni fupi, ile ya kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5. Na karibu zote zinaanza hivi: "Kocha, nina maumivu kidogo." Nimefanya kazi ya fiziotherapia hapa Moshi kwa miaka mingi, na hicho "kidogo" nakijua vizuri.

*Shikamoo kocha. Kisigino changu cha kulia kinakaza kila asubuhi, nikitembea dakika kumi kinalegea. Nikikimbia hakisumbui sana, ila jioni ndiyo balaa. Mashindano ni wiki tatu zijazo. Rafiki yangu kaniambia nikachome sindano kwenye kano. Unanishauri nini? (Sakina, Arusha)*

Marahaba. Usichome.

Kukaza asubuhi, kulegea ukitembea na kurudi jioni ndiyo dalili ya kano iliyobebeshwa mzigo haraka kuliko inavyoweza kujijenga. Sindano mnayoambiwa kwa kawaida ni ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Maumivu yanapungua kweli, ndiyo maana inapendwa. Lakini kano haijapona, inaweza hata kudhoofika zaidi, na wewe sasa unaikimbiza husikii kitu.

Aliwahi kuletwa kwangu kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, aliyechomwa mara mbili kwenye zahanati ya mtaani. Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli, ndiyo kwanza anaanza kukimbia, akasikia kama mtu kampiga teke nyuma ya mguu. Akageuka kumtafuta aliyempiga. Hakukuwa na mtu. Nilimlaza kifudifudi, miguu ikining'inia ukingoni mwa kitanda. Nikabana shavu la mguu usioumia, unyayo ukacheza. Nikabana la mguu wa pili, unyayo ukatulia tuli. Nikapitisha kidole gumba juu ya kano, kikazama kwenye pengo: kano ilikuwa imekatika. Alikaa karibu mwaka mzima bila kukimbia.

Kinachoponya kano ni mzigo wa taratibu. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo, visigino vikiwa hewani. Inuka kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha shuka polepole mpaka kisigino kipite chini ya usawa wa ngazi. Mara 15, mafungu 3, goti likiwa limenyooka. Halafu rudia goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Kama maumivu yako ni pale pale kano inaposhika mfupa wa kisigino, fanya sakafuni, usishushe chini ya usawa. Kuuma kidogo wakati wa zoezi si tatizo, mradi kesho yake asubuhi kisigino kisikaze kuliko jana.

Najua umesema wiki tatu, mimi nakwambia 12. Kano haisomi kalenda ya mashindano. Kuogelea endelea, baiskeli endelea, ila sogeza unyayo mbele kidogo kwenye pedeli ili shavu la mguu lisifanye kazi yote. Acha kabisa kukimbia ile njia ya kupanda Ilboru. Na kama wiki moja kabla ya mashindano bado huwezi kuinuka kwa vidole vya mguu huo mmoja mara 20 bila kuumia, zile kilomita 5 si zako safari hii.

Jambo jingine hukuniuliza lakini nitalisema. Kuna watu wengi hapa kwetu wakijisikia homa wanapita duka la dawa, wanaambiwa ni taifodi, wanapewa sipro (siprofloksasini), antibiotiki ya kundi la fluorokwinoloni. Dawa za kundi hilo zinajulikana kudhuru kano, hasa hii ya kisigino, na madhara yanaweza kutokea hata wiki kadhaa baada ya dozi kuisha. Marekani tangu 2008 imezilazimisha kubeba onyo kali kuhusu kano. Ukiandikiwa, mwambie daktari kwamba wewe ni mkimbiaji na kisigino kinauma, naye aangalie kama ipo dawa nyingine. Ukiongeza steroidi juu ya sipro, hatari inazidi.

*Kocha, nikimeza diklofenaki mbili asubuhi ya mashindano kuna shida? (Majengo, Moshi)*

Hili nimelijibu mara nyingi, na linaniuma kwa sababu kila anayeuliza huwa ameshanunua vidonge. Ndiyo, kuna shida. Unaingia kwenye jua la Moshi, unatoka jasho zaidi ya saa nzima, maji mwilini yanapungua, damu inayofika kwenye figo inapungua. Figo zinajitetea kwa kutanua mishipa yake, na diklofenaki inazuia kazi hiyo hiyo. Hapo sijagusa vidonda vya tumbo, na wengi wenu mnaimeza bila kula kwa sababu mnaogopa kuogelea mmeshiba.

Kama maumivu yanahitaji kidonge ili uanze mashindano, hujawa tayari kuanza. Ukinitajia ibuprofeni badala yake, jibu ni lile lile.

*Je, kwenye sehemu ya kukimbia naruhusiwa kutembea? (Usa River)*

Unaruhusiwa. Kutambaa ndiyo hakuruhusiwi.

*Niliteguka kifundo cha mguu Jumamosi nikikimbia. Mama mmoja jirani ni fundi wa kukanda, amenikanda kwa maji ya moto na mafuta siku mbili mfululizo, lakini kimezidi kuvimba. Nitawahi mashindano mwezi ujao? (Kiboriloni, Moshi)*

Dada yangu, mwambie mama asante, na umwombe aache. Kifundo kilichoteguka kina mishipa midogo iliyochanika ndani. Ukikikanda kwa moto na kukisugua siku mbili tatu za mwanzo, unaongeza damu na uvimbe. Siku hizo unakifunga bandeji, unainua mguu juu ya mto, unaweka barafu iliyozungushiwa kitambaa. Kukanda kuna wakati wake, na si huo.

Kabla hatujazungumzia mashindano, jikague sasa hivi. Je, uliweza kupiga hatua nne ulipoumia, na unaweza leo? Halafu bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili iliyojitokeza pande zote za kifundo, sentimita sita za chini mpaka nchani. Bonyeza pia mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa mguu, nyuma ya kidole kidogo, na ule ulio juu ya upinde wa mguu kwa ndani. Ukishindwa hatua nne, au mfupa wenyewe ukiuma ukibonyezwa, nenda kapige picha ya eksirei. Hospitali ya KCMC si mbali na wewe. Ukipita vyote hivyo, kuna uwezekano mkubwa mfupa ni mzima. Basi anza kusimama kwa mguu huo mmoja ukipiga mswaki, asubuhi na usiku. Wengi wanaoteguka mara ya pili ni wale walioacha maumivu yaishe wakadhani wamepona, kumbe mguu bado haujajifunza upya kusimama.

*Goti linaniuma kwa mbele nikiendesha baiskeli barabara ya TPC, na ile barabara ni tambarare kabisa. Nikikimbia haliumi. Nipumzike? (Pasua, Moshi)*

Usipumzike kwanza, kaangalie siti. Baiskeli nyingi za mtumba zinauzwa siti ikiwa imeshuka hadi chini, na mnunuzi anaendesha hivyo hivyo, magoti yakimfika tumboni. Egemea ukuta, panda, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unatakiwa unyooke. Ukirudisha sehemu pana ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Siti ikiwa chini sana, goti linauma mbele. Ikiwa juu sana, linauma nyuma. Legeza ile nati ya siti mwenyewe, pandisha kidogo kidogo, kisha piga alama kwa kalamu ya wino. Na uache kukanyaga gia nzito kama unapanda Marangu. Tumia nyepesi, miguu izunguke haraka.

*Kocha, wewe unatukatisha tamaa. Mzee wetu John Stephen Akhwari alimaliza marathoni na goti lililoumia. Mbona yeye hakuacha? (Ngaramtoni)*

Nashukuru umemtaja, maana jina lake linatumika vibaya kila msimu na mimi linanigusa.

Ilikuwa Mexico City, Oktoba 1968, mita zaidi ya 2,200 juu ya usawa wa bahari. Akhwari, mtoto wa Mbulu, alianguka kwenye msukumano wa wakimbiaji, goti likaumia vibaya. Akafungwa bandeji, akaendelea. Waliomaliza walikuwa 57 na yeye ndiye wa 57, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Uwanja ulikuwa karibu mtupu na giza limeingia. Kila Mtanzania anaijua habari hiyo, na ni haki yetu kujivunia.

Lakini tazama ulichoacha. Akhwari aliumia njiani, katikati ya Olimpiki, amevaa jezi ya taifa. Wewe unaniuliza kuhusu kuanza ukiwa tayari unachechemea, kwenye mashindano ambayo mwakani yatakuwepo tena. Na baada ya Mexico alipona. Mwaka 1970 huko Edinburgh, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Miaka miwili baada ya lile goti! Sijawahi kusikia mtu akinitajia Edinburgh. Wote mnataka bandeji ya Mexico. Ukitaka kumfuata Akhwari, mfuate mpaka huko.

*Mwanangu, nina miaka 61, kuogelea na baiskeli naweza, ila goti limeisha, daktari kasema nisikimbie. Nijitoe? (Tengeru)*

Shikamoo mzee wangu. Usijitoe. Waulize waandaaji kama kuna kundi la timu. Unaogelea, unaendesha baiskeli, unamkabidhi mjukuu akimbie. Hakuna aibu yoyote hapo, na natamani vijana wenye visigino vibovu wangekuwa na busara ya kuuliza swali lako. Majini tumia mtindo wa kawaida wa kupiga miguu juu na chini. Ule wa chura unalipinda goti kwa pembeni. Ukichoka, una ruhusa kushika boya upumue, mradi usilitumie kujivuta mbele.

*Sina kidonda chochote, naweza kufanyia mazoezi ya kuogelea kwenye Bwawa la Nyumba ya Mungu? (Himo)*

Kichocho hakihitaji kidonda, kinapenya ngozi nzima. Na mamba wapo. Tafuta bwawa la kuogelea.

*Ugoko wangu unauma, zamani ulikuwa unauma wote, sasa ni sehemu moja tu. Nadhani unapona? (Njiro, Arusha)*

Hapana. Hii ndiyo barua iliyonifanya nikae chini niandike haraka.

Maumivu yaliyotandaa kwenye ukingo wa ndani wa ugoko mara nyingi ni ya nyama na utando wa mfupa. Yakikusanyika mahali padogo unapoweza kupafunika kwa kidole kimoja, hasa kama yanakuamsha usiku, mfupa wenyewe unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Usijaribu kurukaruka kuthibitisha. Acha kukimbia leo, hata zile mbio za kujipasha. Nenda hospitali, na uelewe kwamba picha ya eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo inaweza isionyeshe kitu, kwa hiyo ukiambiwa "picha ni safi" usirudi barabarani. Mweleze daktari mahali panapouma, mwonyeshe kwa kidole, na umwambie umekuwa ukikimbia kilomita ngapi kwa wiki. Kama wewe ni dada na hedhi zimekatika au zinarukaruka tangu uanze mazoezi, hilo nalo mwambie, lina uhusiano na mifupa.

Kisha niandikie tena walichokuambia.