Hukumu ya Kumuua Farasi wa Mbio Aliyevunjika Mguu

SWALI: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sheikh wangu, mimi ni Mwislamu na kazi yangu ni kutunza farasi wa mbio. Farasi mmoja niliyekuwa nikimlisha na kumwogesha alivunjika mguu wa mbele katikati ya mbio. Pazia lilizungushwa watazamaji wasione, daktari wa wanyama akamkagua, kisha akamdunga sindano nami nikiwa nimeshika hatamu, akafa. Mwenzangu mmoja anasema tumeingilia kazi ya Mwenyezi Mungu na kwamba ilitupasa kumwacha mpaka siku yake ifike. Mwingine anasema farasi ni mali ya mwenyewe, na mwenye mali hufanya atakalo. Je, sheria inasemaje? Nina dhambi kwa kumshika? Na je, ilikuwa wajibu achinjwe badala ya kudungwa sindano?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema anastahiki Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake.

Ndugu yetu muulizaji, kumuua mnyama aliyeumia kiasi kwamba wajuzi wamekata tamaa ya kupona kwake, na kila saa anayobaki hai ni ya maumivu, kunajuzu kwa kauli tunayoiona kuwa na nguvu zaidi, madhali kunafanywa kwa njia isiyomzidishia mateso. Kwa namna ulivyolieleza tukio lako, huna dhambi. Hata hivyo wenzako wote wawili wamekosea, na kosa la yule wa pili ni zito kuliko la yule wa kwanza, kwa hiyo tutaanza naye.

Mnyama ni mali, hilo halina ubishi, lakini ni mali iliyowekewa mipaka na aliyeiumba. Amepokea Abu Dawud, mmoja wa wakusanyaji wa Hadithi, kutoka kwa Abdullah bin Ja'far (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya mtu mmoja katika Ansari, wenyeji wa Madina waliomsaidia, akamkuta ngamia ambaye alipomwona alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakabubujika machozi. Mtume akampapasa mpaka akatulia, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Alipojitokeza kijana, akamwambia: "Je, humwogopi Allah juu ya mnyama huyu ambaye Allah amekumilikisha? Hakika amenishitakia kwamba unamtia njaa na unamchosha." Tazama jinsi Mtume alivyokubali kuwa ngamia yule ni milki ya kijana, na papo hapo akaifanya milki hiyohiyo kuwa sababu ya kuulizwa. Na katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoafikiana al-Bukhari na Muslim, mwanamke aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi mwenye farasi hafanyi atakalo.

Ama yule aliyesema mumwache mpaka siku yake ifike, kauli yake ina asili katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za sheria, ingawa huenda mwenyewe hajui, na madhehebu manne ya fiqhi yamehitilafiana hapa. Wanazuoni wa Kishafii wameandika kwamba ni haramu kumchinja mnyama asiyeliwa hata kama lengo ni kumpumzisha, na mfano wanaoutoa ni punda aliyelemaa. Wahanbali nao wamekataza kumuua mnyama kwa ajili ya kumpumzisha, wakamlinganisha na mwanadamu mwenye maradhi mazito, ambaye haifai kumuua hata akiteseka namna gani. Wamaliki wameruhusu kumchinja mnyama asiyeliwa pindi akikatiwa tamaa, ili maumivu yake yaishe, na Wahanafi wanaelekea upande huo wa ruhusa.

Sisi tunaiona kauli ya ruhusa kuwa ndiyo yenye nguvu, kwa sababu mlinganisho wa mnyama na mwanadamu katika jambo hili hautimii. Damu ya mwanadamu imeharamishwa kwa heshima yake mwenyewe, hata yeye hana ruhusa ya kuimwaga. Amepokea al-Bukhari kutoka kwa Jundub (r.a.) habari ya mtu aliyekuwa na jeraha, akashindwa kustahimili, akachukua kisu akaukata mkono wake na damu haikukatika mpaka akafa, na Allah akasema: "Mja wangu ameniharakia kwa nafsi yake, nimemharamishia Pepo." Mwanadamu anayevumilia maradhi hufutiwa madhambi na hupandishwa daraja, na saa yake ya mwisho yaweza kuwa ndiyo saa ya toba yake. Farasi hana dhambi ya kufutiwa, wala hana toba anayoingojea, na maumivu yake hayamnunulii kitu. Isitoshe, sheria yenyewe imeturuhusu kumtoa roho mnyama kwa manufaa yetu sisi ya chakula. Ni vigumu kuelewa kwamba inafaa kumtoa roho mnyama mzima kwa sababu ya njaa yetu, kisha isifae kumtoa roho aliyevunjika kwa sababu ya maumivu yake yeye.

Na hata kwa msingi wa madhehebu yaliyokataza, swali lako lina njia ya kutokea. Katazo la Mashafii linahusu mnyama asiyeliwa, na farasi kwao analiwa. Dalili yao ni Hadithi ya Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) katika al-Bukhari na Muslim: "Tulimchinja farasi zama za Mtume (s.a.w.) tukamla." Imam Abu Hanifa na Imam Malik hawakuiona nyama ya farasi kuwa halali isiyo na tatizo, wakashikamana na aya ya 8 ya Suratun Nahl inayosema kwamba farasi, nyumbu na punda wameumbwa ili mwapande na wawe pambo. Kwa hiyo anayewafuata wanaokataza kumpumzisha mnyama anakuta kwamba wao wenyewe wanahalalisha kumchinja farasi, na anayewafuata wasioipenda nyama yake anakuta kwao ruhusa ya kumpumzisha.

Linabaki sharti la kukata tamaa, na hapa ndipo penye mtihani, kwa sababu watu wa nje hudhani mguu uliovunjika ni mguu wa kufungwa bandeji tu. Farasi wa mbio aliyekomaa ana uzito wa takriban kilo 500, na zaidi ya nusu ya uzito huo hukaa kwenye miguu ya mbele. Sehemu ya chini ya mguu wake ni mfupa, mishipa na ngozi, haina nyama ya kuukinga mfupa wala damu nyingi ya kuuponya, na mara nyingi mfupa hupasuka vipande vipande na kutoboa ngozi. Hawezi kulazwa majuma kadhaa kama mgonjwa wa hospitalini, kwani akilala muda mrefu misuli huharibika, vidonda hutokea na tumbo huziba. Akisimama, uzito wote huhamia kwenye mguu wa pili usiovunjika, na ndani ya ukwato wa mguu huo tabaka zinazoushikilia mfupa huvimba na kuachana, mpaka mfupa ukashuka ndani ya kwato yenyewe. Maumivu ya ugonjwa huo huzidi yale ya mvunjiko.

Mfano unaojulikana sana ni wa farasi Barbaro wa Marekani, mshindi wa mbio kubwa za Kentucky Derby za mwaka 2006. Wiki mbili baada ya ushindi huo alivunjika mguu wa nyuma wa kulia katika mbio za Preakness. Wenyewe hawakubania fedha: alifanyiwa upasuaji katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akawekewa bamba la chuma na skrubu, akatunzwa zaidi ya miezi minane. Maradhi ya kwato yakamwandama katika miguu iliyokuwa mizima, na tarehe 29 Januari 2007 wakaamua apumzishwe. Kabla yake, mwaka 1975, farasi jike Ruffian alipasuliwa usiku uleule alioumia, na alipozinduka kutoka usingizi wa dawa akarusha miguu kama bado anakimbia, akayaharibu yote yaliyotengenezwa. Siwalaumu waliojaribu kuwatibu, maana kujaribu nako ni ihsani, yaani kutenda wema, lakini visa hivi vinaonyesha kwamba daktari anayesema "hapana" uwanjani huenda anasema kwa elimu, si kwa uvivu.

Kwa upande wa pili, si kila mvunjiko ni hukumu ya kifo. Ipo mipasuko midogo karibu na fundo la mguu ambayo hukazwa kwa skrubu na farasi akapona, na wengine wamerudi hata kukimbia. Wapo wasioweza tena kukimbia ila wanaweza kuishi malishoni bila maumivu. Kumuua huyu wa mwisho kwa sababu tu hataleta tena zawadi, au kwa sababu fidia ya bima inapatikana akifa na haipatikani akiishi, hakuingii kabisa katika ruhusa tuliyoitaja. Hiyo ni kuua bila ya haki, na an-Nasai amepokea kutoka kwa Abdullah bin Amr (r.a.) kwamba anayemuua shomoro au kilicho kikubwa kuliko yeye bila ya haki yake, Allah atamuuliza juu yake. Maneno ya kusemwa mbele za watu ni yaleyale katika hali zote mbili, "tumempumzisha", na anayejua nani hasa aliyepumzishwa, farasi au mfuko, ni Allah na mwenyewe.

Pengine utauliza: na mwenye farasi asiye na uwezo wa kumtibu wala kumlisha? Imam an-Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii, ameeleza kwamba anayekataa kumhudumia mnyama wake anayeliwa hulazimishwa moja kati ya mambo matatu, amuuze, amlishe au amchinje, na kwa asiyeliwa hulazimishwa kuuza au kulisha. Na Abu Dawud amepokea Hadithi kwamba aliyemkuta mnyama ambaye wenyewe wameshindwa kumlisha wakamwachia, akamchukua na kumhuisha, basi ni wake. Kwa hiyo akipatikana mtu wa kumchukua farasi anayeweza kuishi, apewe.

Kuhusu namna ya kuua, Hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) katika Sahih Muslim inatosha: "Hakika Allah ameandika ihsani katika kila kitu. Basi mkiua, ueni kwa uzuri, na mkichinja, chinjeni kwa uzuri, na mmoja wenu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake." Mtume (s.a.w.) ametaja kuua na kuchinja kila kimoja peke yake. Kuchinja ni sharti la kuhalalisha nyama, na pale nyama isipokusudiwa linabaki sharti la uzuri wa kuua. Farasi aliyetutumka kwa maumivu, anayerusha mateke, si rahisi kumlaza na kumchinja bila kumvunja zaidi. Dawa ya kumtuliza, kisha sindano inayomzimisha fahamu kabla moyo haujasimama, iko karibu zaidi na makusudio ya Hadithi, na risasi ya mtu aliyefunzwa, inayoua papo hapo, nayo inafaa. Isiyofaa ni kumwacha chini akigaagaa huku wakubwa wakisubiriana kwa simu nani atoe idhini. Nyama ya aliyeuawa hivyo ni mzoga, hailiwi. Hata angechinjwa, farasi wa mbio huwa amepewa dawa za maumivu ambazo mabaki yake yanamdhuru mlaji, na hairuhusiwi kujidhuru. Azikwe au ateketezwe, wala asitupwe porini, kwa sababu dawa iliyomuua yeye huwaua pia mbwa na ndege watakaomla.

Sasa niseme jambo ambalo hukuliuliza. Katika maswali ya namna hii watu hutazama sindano ya mwisho na kusahau sindano za kabla yake. Mashindano ya farasi yenyewe ni halali. Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi waliozoezwa kutoka al-Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, mahali pawili karibu na Madina, na ambao hawakuzoezwa kutoka hapo hadi msikiti wa Bani Zurayq, na Ibn Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Alitenganisha waliozoezwa na wasiozoezwa, na kila kundi akalipa umbali wake. Linganisha na mkufunzi anayejua fundo la mguu limeanza kuvimba, akaagiza lichomwe dawa ya kuua maumivu ili farasi apite ukaguzi na akimbie, au anayemkimbiza farasi ambaye mifupa yake haijakomaa kwa sababu kuna kamari nzito juu ya mbio zile. Maumivu ni ulinzi aliouweka Allah ili mnyama asiukanyagie mguu mbovu. Mwenye kuuondoa ulinzi huo kisha akamwendesha kasi, dhambi yake imetangulia kabla pazia halijazungushwa, na kumpumzisha kwa upole baadaye hakuifuti. Kamari nayo ni haramu kwa nafsi yake, farasi aumie au asiumie.

Wewe uliyemshika hatamu umefanya wema, kwani mnyama hutulia kwa mtu anayemzoea, na kutulia kwake kulimfupishia saa ile. Hakuna kafara juu yako. Lakini kwa kuwa wewe ndiwe unayemgusa miguu kila alfajiri kabla ya yeyote, ukihisi joto au uvimbe, liseme kwa daktari na kwa mkufunzi, na ukiamriwa ulifiche ili farasi akimbie, usitii, kwani hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Wakikuondolea kazi hiyo kwa sababu ya neno hilo, riziki iko kwa Allah.

Na Allah ni Mjuzi zaidi.