Umechaguliwa kuwaongoza wanafunzi wa uzamili? Anza na mafaili

Nilipata uenyekiti wa chama cha wanafunzi wa uzamili na uzamivu bila kupingwa. Usinipe hongera: hakuna mwingine aliyechukua fomu. Makabidhiano yalichukua dakika kumi, tukiwa tumesimama koridoni, maana mwenyekiti aliyekuwa anatoka alikuwa anawahi kupeleka tasnifu yake ikajalidiwe. Alinipa mhuri, ufunguo wa kabati na bahasha yenye katiba ya chama ambayo ukurasa wa nne haumo. "Mengine utayajua hukohuko mbele," akasema, akashuka ngazi.

Wiki ya pili tukaandika barua kali ya kuomba chumba cha kusomea cha watafiti kiwe wazi usiku. Kurasa tatu. Ilitaja haki, ikataja hadhi ya utafiti, sidhani kama iliacha kitu. Naibu mkutubi akatuita, akatukaribisha viti, kisha akafungua faili lake na kututolea barua iliyotoka ofisini kwetu wenyewe miaka mitatu nyuma, ikiomba jambo hilohilo. Nyuma yake palibanwa jibu: ombi limekubaliwa, leteni orodha ya watakaotumia chumba usiku ili walinzi wawe nayo. Hakuna aliyepeleka orodha. Miaka mitatu watu walikuwa wakilalamikia mlango ambao ulishakubaliwa kufunguliwa.

Tuliipeleka orodha kesho yake. Chumba kikafunguliwa wiki hiyohiyo, nami nikapongezwa kwa kazi ambayo sikuifanya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayenijia na fomu ya kugombea: kabla hujaandika barua yoyote, tafuta zilizokwisha kuandikwa. Kwetu sisi tatizo hili ni kubwa kuliko kwa wenzetu wa shahada ya kwanza. Shahada ya uzamili mara nyingi ni ya mwaka mmoja au miwili. Mtu anaanza kuzielewa kamati za chuo wakati ambao anatakiwa ajifungie aandike. Akishaijua kazi, anahitimu. Upande wa pili wa meza wamekaa watu wenye miaka ishirini katika kiti kilekile. Wao wana kumbukumbu, sisi tuna hasira, na kikaoni kumbukumbu hushinda. Kwa hiyo mwezi wa kwanza pita masijala, maktaba, ofisi ya mshauri wa wanafunzi na kurugenzi ya masomo ya uzamili, ukaombe nakala za mihtasari na barua zote zilizogusa chama kwa miaka mitatu au minne. Makarani wa masijala wafanye marafiki zako. Sikutani.

Sasa nije kwenye jambo lililonikosesha usingizi, ambalo ni wasimamizi wa tasnifu.

Wanafunzi wa shahada ya kwanza wakikosa kitu, wanakikosa pamoja. Darasa zima halina mwalimu, basi wote wanalijua. Mwanafunzi wa uzamivu hukosa peke yake. Sura ya tatu ya tasnifu yake imekaa kwa msimamizi mwezi wa nne sasa, na yeye anaamini kosa ni lake: labda sura ni mbovu, labda msimamizi amemchoka. Hamwambii mtu. Na hata akitaka kusema, atasemaje, wakati mtu huyohuyo ndiye atakayeandika barua ya kumdhamini kwa miaka kumi ijayo? Mwaka 2018 jarida la Nature Biotechnology lilichapisha matokeo ya utafiti uliowahoji wanafunzi 2,279 wa uzamili na uzamivu kutoka nchi 26. Asilimia 41 walikuwa na wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikubwa, asilimia 39 walikuwa na sonona ya kiwango hicho. Waliojibu walijitolea wenyewe, kwa hiyo sizichukui takwimu hizo kama kipimo cha kila chuo. Kilichonigusa ni kwamba waliokuwa na hali hizo, wengi hawakuona kama wasimamizi wao wanawapa msaada wa kweli. Niliposoma hapo niliwakumbuka watu watano kwa sura.

Lakini nilianza vibaya, na naomba usinifuate. Katika kikao cha wazi na uongozi wa kitivo nilisimama nikaeleza kisa cha mwanafunzi mmoja, bila kumtaja jina, wala la msimamizi wake. Nilitaja mada ya utafiti tu, ili wajue sibuni. Idarani kwao aliyeandikia mada hiyo alikuwa mmoja. Kabla kikao hakijaisha kila mtu chumbani alishamjua. Msimamizi wake aliacha kumpokea muhula mzima, na yule ndugu hakunilaumu hata mara moja, jambo ambalo lilinichoma kuliko angenitukana. Katika idara ndogo jina halina maana. Mada, mwaka wa kuanza masomo, hata aina ya mashine anayotumia maabara inatosha kumtoa mtu hadharani. Mwenye kisa akusikie ukikisoma, sentensi kwa sentensi, akubali kila moja. Akisita hata kwenye moja, iache.

Mara ya pili tulikusanya tarehe badala ya visa. Fomu ilikuwa na maswali mawili: lini ulikabidhi sura, lini ulirudishiwa ikiwa na maoni. Hatukuuliza jina. Idara tuliitaja pale tu ambapo waliojibu walikuwa wengi kiasi cha kutotambulika. Nilidhani watajibu kumi. Walijibu wengi mno hadi katibu akalazimika kuomba msaada wa kupanga karatasi. Tulipokwenda kwenye kamati ya masomo ya uzamili hatukusema kwamba wasimamizi wanatutelekeza. Tuliuliza: kanuni inasema msimamizi arudishe kazi ndani ya siku ngapi? Wakafungua kanuni. Haikusema. Iliweka ukomo kwa mwanafunzi kwenye kila hatua, kuanzia kusajili mada hadi kurekebisha tasnifu baada ya kuitetea, na kwa msimamizi iliandika "ndani ya muda unaofaa".

Ukumbi ulikuwa kimya kidogo. Nadhani baadhi ya maprofesa walikuwa hawajawahi kuisoma kwa jicho hilo.

Siku thelathini ndizo zilizoingia kwenye kanuni, baada ya vikao vitatu. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kile kilichofuata: tulitaka ikiwa kuchelewa kumetokana na chuo, na tarehe zinaonyesha hivyo, mwanafunzi asitozwe ada ya nyongeza ya muda. Wote waliafiki, lakini haikupita. Ilirudi kikao cha pili, haikupita. Nikaja kugundua kwamba kamati ile haina mamlaka juu ya ada hata senti moja, na mtu mwenye mamlaka hayo hakuwa mjumbe wake; tulikuwa tunashangiliwa na watu wasioweza kutupa kitu. Ulizia mapema nani anatia sahihi. Kuna mambo ya Seneti, yaani kikao kikuu cha taaluma cha chuo, kuna mambo ya Baraza la Chuo, kuna mambo ambayo mhasibu mmoja anayamaliza kwa kalamu yake bila kikao, na ukiyapeleka Seneti umeyakuza bure hadi yamekuwa magumu.

Malipo ya wasaidizi wa kufundisha yatakufikia tu, ujiandae. Hapa viongozi wengi huahidi wasichoweza. Chama cha wanafunzi hushauri na kuwakilisha. Chama cha wafanyakazi hujadiliana mkataba na kinaweza kuitisha mgomo wenye kinga ya sheria. Ni vyombo viwili. Mgomo wa Chuo Kikuu cha California, ulioanza Novemba 2022 ukawahusisha wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000, wengi wao wanafunzi wa uzamili na uzamivu, uliendeshwa na vyama vya wafanyakazi, si serikali ya wanafunzi. Na katika vyuo vikuu binafsi vya Marekani njia hiyo ilifunguka upya mwaka 2016 tu, Bodi ya Taifa ya Mahusiano Kazini ilipoamua, katika shauri la Chuo Kikuu cha Columbia, kwamba wanafunzi wanaofundisha na kusaidia utafiti ni wafanyakazi pia. Sheria ya nchi yako inasemaje ndilo swali la kwanza. Kama hairuhusu, bado unaweza kudai mkataba wa maandishi, ukomo wa saa za kufundisha kwa wiki, na posho kulipwa tarehe inayojulikana. Tarehe hiyo mimi naiona muhimu kuliko nyongeza ndogo ya posho. Mtu anaweza kupanga maisha kwa kidogo kinachokuja kwa wakati.

Fedha za safari za mikutano ya kitaaluma ni hivyohivyo. Utaratibu wa "lipa kwanza, utarejeshewa" unaonekana wa haki kwenye karatasi, lakini unamfaa mwenye akiba tu. Asiyenayo haombi kabisa, na mwisho wa mwaka fungu linabaki, halafu mnaambiwa halihitajiki, lipunguzwe. Omba malipo ya awali hata kama ni nusu.

Na bajeti yenu wenyewe? Yetu ilikuwa ikiliwa na sherehe ya kuwakaribisha wapya. Siipingi sherehe, watafiti ni watu wapweke, na wengine walifahamiana pale. Lakini chama kisichoweza kueleza kinachofanya na michango ya wanachama kinaishi kwa huruma ya wengine. Australia ilipitisha sheria mwishoni mwa 2005 iliyoondoa ulazima wa kulipa ada ya vyama vya wanafunzi, ikaanza kutumika katikati ya 2006, na huduma nyingi za wanafunzi zikapunguzwa au kufungwa. Mwaka 2011 ikapitishwa nyingine iliyoruhusu vyuo kutoza ada ya huduma. Andikeni hesabu zenu ukurasa mmoja, mzibandike mahali watu wanapopita.

Kuhusu wenzetu wa shahada ya kwanza: usigombane nao, ila usikubali wakusemee. Wako wengi, ajenda zao ni malazi na ratiba za mitihani, na ya kwetu hufika mwisho wa kikao watu wameshavaa makoti. Dai kiti chenu wenyewe Seneti. Wakikuambia jambo hilo halijapata kutokea, wakumbushe chuo kikuu cha Bologna, Italia, cha zama za kati, ambako wanafunzi wa sheria, wengi wao watu wazima, ndio waliokuwa wakichagua rekta, yaani mkuu wao, na kuwaajiri walimu, na mwalimu aliyechelewa kuanza kipindi alitozwa faini. Sisi tunaomba kiti kimoja, tena cha pembeni. (Mzaha huu ulifanya kazi kikao cha kwanza. Cha pili haukufanya.)

Wageni kutoka nje ya nchi na wenye watoto wachanga ndio niliowasahau mwaka mzima, kwa sababu hawaji vikaoni. Mmoja anaogopa, mwingine hana muda. Jua tu kwamba kibali cha kuishi na muda wa masomo ni saa mbili zinazokwenda tofauti. Mtu anaweza kupewa nyongeza ya muhula na kitivo, akajikuta hana ruhusa ya kuwa nchini. Na likizo ya uzazi isiyosimamisha saa ya tasnifu si likizo.

Kuhusu tasnifu yako, mwambie msimamizi kabla hujachukua fomu. Mimi nilimwambia baadaye, naye alikuwa ameshasikia kwa mtu mwingine. Nilipoteza kama muhula mmoja, na sitakudanganya kwamba kuna siku utaurudisha. Nilichojifunza nimechelewa ni kuziweka kazi za chama kwenye siku mbili za wiki, mchana, na kuzima simu asubuhi zote. Watu walinung'unika wiki mbili, kisha wakazoea. Mambo ya dharura ya kweli, mtu kukosa pa kulala au kutaka kujidhuru, yalikuwa na namba yake ya kupiga, na namba hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya kitengo cha ushauri nasaha, ambako kuna watu waliosomea. Kiongozi wa wanafunzi si daktari wa akili, hata kama watu watamjia saa nane za usiku.

Nilipotoka, makabidhiano yalichukua siku mbili na nusu. Nilimpa mrithi wangu faili tatu zilizopangwa kwa miaka, orodha ya nani anatia sahihi kwenye nini, ukurasa wa nne wa katiba, ambao niliupata masijala, na barua ya maktaba ikiwa juu kabisa. Aliyapitia yote kwa utulivu, akauliza maswali mazuri. Mwishoni akaniuliza mhuri uko wapi. Tuliutafuta hadi jioni.