Kabla hujalipia trekta ya Ford 5000, sugua chuma kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja kanitumia picha ya Ford 5000 anayotaka kununua, dalali kamwambia ni ya 1970, haijaguswa hata nati. Roho iliniuma, maana maneno hayohayo ndo niliuziwa mimi, milioni 14 zikaenda.

Mi niliangalia rangi tu. Bluu imekoza, tairi mpya, injini inadaka mara moja, nikalipa. Msimu wa kwanza ikaanza kula oili, tukashusha injini, fundi mzee akaniita, "Mwanangu, njoo usome hapa." Akapaka mafuta ya taa ubavuni mwa bloku, lile pande kubwa la chuma la injini, akasugua na brashi ya waya mpaka zikatoka herufi zimevimba, D8NN. Kwa Ford, C ni miaka ya 60, D ni ya 70, tarakimu inayofuata ndo mwaka, N ni trekta. Yaani bloku iliyochorwa 1978 imeingiaje kwenye trekta ya 1970, na 5000 yenyewe waliacha kuiunda 1975? Nilikaa chini palepale kwenye udongo.

Sasa hapa ndo wengi wanapotea. Namba hiyo ni ya mchoro, si ya siku chuma kilipomiminwa kwenye kalibu, yaani kusubiwa. Bloku ya C5NN inaweza kuwa imesubiwa miaka kadhaa baada ya 1965. Tarehe ya kusubu ni fupi, iko peke yake, mfano 9K14: mwaka 9, K ni Oktoba, siku ya 14. Miezi inaanzia A, Januari, ila herufi I wanairuka, ndo maana Septemba ni J. Na hiyo 9 inaweza kuwa 1969 au 1979, kwa hiyo soma na ile namba ya mchoro. Halafu tafuta namba zilizogongwa, hizi zimezama, ziko kwenye nyumba ya klachi karibu na staata, utakuta namba ya trekta, modeli na tarehe ilipofungwa kiwandani, herufi ya mwisho ni shifti, yaani zamu ya wafanyakazi. Chuma kinasubiwa, kinachongwa, ndo trekta inaunganishwa, kwa hiyo bloku ikiwa na tarehe ya baadaye ujue imebadilishwa. Kubadilishwa si dhambi, ila lipia bei yake. Wadogo zangu mnaokopa ili mnunue trekta, pigeni magoti msugue, muuzaji akinuna mwache anune!

Kijana nilimwambia asilipe kwanza. Jana usiku katuma picha, bloku C5NN, 9M04, yaani Desemba 1969, na trekta 0A, Januari 1970. Nimeikuza ile picha mara kadhaa, chunusi za mchanga wa kalibu bado zipo kwenye ile M, haijachezewa. Nikamjibu, kalipe.