Maswali ya Wasomaji: Mafuta ya Mbegu na Kilele cha 149

SWALI: Nilisaga gramu 100 za mbegu ili nitenge kemikali zake, nikaziloweka kwenye methanoli siku 3. Baada ya kuikausha nimebaki na kitu kama gundi, mafuta yakielea juu. Kwenye sahani ya silika, inayotenganisha kemikali kiyeyushi kinapoipanda, kinaacha mchirizi mrefu badala ya madoa. Nimekosea wapi?

JIBU: Umeruka hatua ya mafuta. Mbegu si jani. Imebeba akiba ya kulisha mche, na katika ufuta, kwa mfano, karibu nusu ya uzito ni mafuta.

Anza upya. Saga kwa vipindi vifupi ili kinu kisipate joto, kisha toa mafuta kwa heksani, kiyeyushi cha mafuta, katika kifaa cha Soxhlet, kinachopitisha kiyeyushi kwenye mbegu tena na tena, saa 6 hadi 8. Usitegemee saa peke yake. Dondosha tone la heksani inayotoka kwenye mbegu juu ya karatasi ya chujio, liache likauke, halafu inua karatasi mbele ya taa. Ukiona doa linalopitisha mwanga, mafuta bado yapo. Fanya kazi hii ndani ya kabati la kuvuta mvuke, mbali kabisa na moto wa wazi. Mafuta yenyewe usiyamwage, steroli na vitamini E zimo humo.

Machicha yakikauka, yaloweke kwenye mililita 500 za methanoli yenye maji asilimia 20 kwa saa 24, mara 3. Kausha kwa kanieneo ndogo, joto lisizidi nyuzi 40. Koroga kilichobaki kwenye mililita 100 za maji, kisha uvute kemikali kwa ethili asetati, kiyeyushi kisichochanganyika na maji, katika faneli ya kutenganishia. Hapa wengi hukwama: saponini (kemikali za mimea zinazotoa povu kama sabuni) na protini huyashikanisha matabaka yakawa kama maziwa. Pindua faneli taratibu bila kuitikisa, na ongeza chumvi.

Mchirizi ukiendelea kwenye sahani, weka sampuli kidogo zaidi. Usipokoma, huenda ni alkaloidi, kemikali za mimea zenye nitrojeni na tabia ya besi, zinazong'ang'ania silika. Tia amonia asilimia 1 kwenye kiyeyushi kinachopanda sahani. Kwa fenoli zenye asidi, tia asidi asetiki kiasi hicho hicho.

SWALI: Nimetenga mafuta yasiyo na rangi. NMR ya hidrojeni (kipimo cha sumaku kinachoonyesha mahali pa atomi za hidrojeni) ina vilele kwenye 7.7, 7.5 na 4.2, na kwenye spektra ya tungamo, inayopima uzito wa molekuli na vipande vyake, kilele kirefu kuliko vyote ni 149. Je, ni kampaundi mpya?

JIBU: Hapana, tunasikitika. Hizo ni dalili za fthaleti, kilainishi cha plastiki, na kimewahi kutangazwa kimakosa kuwa zao la mimea. Ukiona pia kilele cha 391 kwenye spektra ya tungamo, ndiyo ile ya kawaida yenye minyororo miwili ya kaboni 8.

Fanya jaribio tupu: viyeyushi vile vile, kiasi kile kile, vyombo vile vile, bila mbegu. Lita 2 zikikaushwa hadi mililita 1, uchafu wake umekolea mara 2,000, kwa hiyo hata chembe ndogo itaonekana. Kilele kikijitokeza, keneka viyeyushi upya na uachane na chupa na mipira ya plastiki. Kisipojitokeza, chunguza mbegu zilihifadhiwa wapi, maana mbegu yenye mafuta hufyonza fthaleti kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Chukua nyingine zilizowekwa kwenye chupa ya kioo au karatasi.