Fundi Anajibu: Mistari Imepotelea Wapi?

Swali: Shikamoo Fundi. Mimi ni karani wa Saccos hapa Moshi. Kila jioni nanakili faili za mahesabu kwa skripti niliyojiandikia. Nikiweka `leo = $(date +%F)` kompyuta inasema haina amri iitwayo leo. Halafu `orodha=$(ls *.ods)` inakubali, ila nikiandika `echo $orodha` majina yote yanatoka mstari mmoja. Mistari imepotelea wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. La kwanza ni nafasi tu. Shell, yaani programu inayopokea amri unazoandika, huchukua neno la kwanza kuwa amri na yanayofuata kuwa vitu vya kupewa amri hiyo. Umeacha nafasi kabla ya alama ya sawasawa, nayo ikaenda kutafuta programu iitwayo leo. Bananisha: `leo=$(date +%F)`. Mimi mwenyewe mpaka leo kidole gumba bado hunichapia nafasi pale.

Mistari yako haijapotea, imo ndani ya `orodha`. Hiyo `$(...)` huendesha amri iliyo ndani yake na kukupa matokeo, na mistari mipya inayoikata ni ile ya mkiani tu. Kinachoivuruga ni kuitaja `$orodha` bila alama za nukuu: shell huyakatakata maandishi kila penye nafasi au mstari mpya, kisha echo, amri ya kuonyesha maandishi, huviunga vipande kwa nafasi mojamoja. Andika `echo "$orodha"` uone.

Kwenye echo hayo ni mambo ya sura. Kwenye rm, amri ya kufuta, ni msiba. Niliwahi kuwa na skripti ya kufuta nakala za zamani: `folda=$(cat kufuta.txt)`, halafu `rm -r $folda`. Siku hiyo ndani ya kufuta.txt kulikuwa na folda moja, "Hesabu za Machi". Shell ikaikata vipande vitatu. rm ikalalamika kwamba "za" haipo, na "Machi" haipo. "Hesabu" ilikuwepo, na ndani yake mlikuwa na mwaka mzima. Nukuu mbili zingeniokoa wiki tatu za kuchapa upya kutoka kwenye stakabadhi.

Kwa hiyo usipitishe majina ya faili kwenye ls, ile amri ya kuorodhesha. Mwachie shell mwenyewe ayatafute, na cp inakili moja moja:

`for f in *.ods; do cp "$f" "nakala/$leo-$f"; done`

Ukikuta skripti za wazee zimetumia kile kialama cha kushoto juu ya Tab badala ya `$(...)`, kazi ni ileile. Kilikuja na shell ya Stephen Bourne mwaka 1979. Mabano ni mepesi kusoma, na yanaingia moja ndani ya jingine bila ugomvi.

Tena, cp ikishindwa ndani ya `$(...)`, lalamiko lake haliingii kwenye kigeu (lile jina la kuhifadhia, kama `orodha`), linapita njia nyingine hadi kwenye skrini. Ukitaka kulinasa, weka `2>&1` ndani ya mabano, mwishoni mwa amri.